Asiyechomeka

Ariyalur, zamu ya alfajiri. Mkanda unaanza kwa kukohoa
halafu unaniletea mji mzima:
vipakiti vya shampuu vya rupia moja,
mifuko ya maziwa iliyokatwa pembe,
kandambili ya kushoto, daima ya kushoto,
gunia la mchele lenye tembo aliyefutika sikio.

Kazi yangu si kuchagua kizuri.
Kazi yangu ni kumtoa mwenye klorini:
bomba, ala ya waya, ngozi ya bandia.
Tanuri, asema Ilavarasan wa chumba cha mitambo,
lina tumbo la mfalme, linakula chochote,
ila chumvi ile hulikaba koo,
pete ya mawe ikaota ndani
na kiwanda kizima kikalala na njaa.

Miaka sita sasa. Vidole vyangu vinajua kabla ya macho.
Plastiki njema hulia kama maganda ya mahindi.
Ile mbaya hunyamaza,
ina uzito wa mtu aliyenuna.

Zamani makaa yalikuja kwa meli.
Siku hizi sehemu yake tunaichota jaani,
na mhandisi mgeni, kofia nyeupe isiyo na doa,
alitwambia uchafu umegeuka mali.
Nilicheka ndani ya barakoa.
Tulichotaka jana kimekuwa taka leo,
na taka hizo sasa tanuri linazitaka.
Juu ya moshi hakusema neno.
Valarmathi wa mtaa wa chini huanua nguo zake mapema,
kabla upepo haujageuka.

Machimboni mwanangu huokota konokono wa mawe,
waliojikunja kama pembe za kondoo dume.
Mwalimu wake asema hapa palikuwa bahari
kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bahari.
Na mafuta yaliyozaa mfuko wa maziwa?
Bahari pia, asema, vidudu vilivyozikwa gizani.
Basi mle ndani, kwa digrii elfu moja mia nne na hamsini,
ndugu waliopoteana wanaonana tena,
na wakitoka ni saruji:
choo cha shule, nguzo ya daraja,
kizingiti ambacho mtu atajigongea kidole.

Jumanne likaja bango, limekunjwa kama mkeka.
Nikalikunjua.
Sinnappan, fundi wa pampu, miaka sitini na mmoja,
masharubu yamechanwa, shada la maua la kuchapwa shingoni,
wajukuu wanne pembeni, na chini yao, kwa rangi nyekundu,
namba ya karakana.

Mwili wake niliuona ukienda.
Kuni za mvinje, saa tatu,
akabaki chungu kimoja cha majivu
ambacho mwanawe alikipakata kwenye basi.
Lakini uso huu ni klorini tupu.
Moto unaoyeyusha mlima
haumtaki.

“Toa! Mkanda hausubiri mtu!” Thangamani, msimamizi.
Nikamtoa.

Rundo la waliokataliwa huondoka kila Ijumaa,
wapi, dereva mwenyewe hasemi.
Nilimwomba Thangamani bango lile.
Akatikisa kichwa, ule mtikiso wetu
usio ndiyo wala hapana,
nikauchukua kuwa ndiyo.

Sasa Sinnappan ni paa la banda la mbuzi.
Mvua ya Oktoba inampiga shavuni
na havuji, hata kwenye masharubu.
Yule mbuzi mweusi aliyekuwa akikohoa
hulala chini ya kidevu chake.

Jana pampu ya jirani imekwama tena.
Tukaegemeza ngazi, nikapanda,
nikafuta matope kwa kiganja,
na huku wao wananishikia miguu
nikawasomea namba kwa sauti, tarakimu moja moja.